Gari Jekundu la Stesheni Masta

Siku mliyoniaga pale karakana ya kiwanda cha sukari, katikati ya soda na pilau, mmoja wenu aliniuliza: "Mama Sabina, miaka yote hii, kazi gani ilikutoa jasho kuliko zote?" Nikajibu bila hata kufikiri: "Gari jekundu la stesheni masta." Mkacheka. Mmoja akasema kiwandani hapajawahi kuwa na gari jekundu, labda mama ameshaanza kuchanganya mambo kabla hata ya kukabidhi funguo. Sikueleza, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na mimi nilikuwa na njaa.

Sasa nimerudi nyumbani Ifakara, nina daftari na muda mwingi kuliko nilivyozoea. Nawaandikia. Habari za vyeo nitaziruka, maana kila nilipopandishwa niliongezewa karatasi na kupunguziwa spana. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika yale ambayo yakinijia usingizini bado yananifanya niamke nikitabasamu.

Niliingia karakana nikiwa na miaka kumi na tisa, binti wa Kindamba kutoka Mofu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wa kila mkoa. Nilipewa ovaroli ya mtu mrefu mara moja na nusu yangu, nikakunja mikono na miguu mpaka nikafanana na godoro lililofungwa kamba. Kabla ya saa nne asubuhi wakanituma stoo nikachukue upepo wa akiba wa matairi, kilo mbili. Nilijua wananichezea. Baba yangu alikuwa na baiskeli, na upepo nilikuwa naujua. Nikaenda stoo, nikaomba tyubu kuukuu ya trekta, nikaijaza upepo mpaka ikavimba, nikairudisha nikiwa nimeivaa begani. Nikasema, "Kilo mbili kamili. Mwenye stoo anasema mkiutumia, mrudishe tyubu."

Karakana nzima ililipuka kwa kicheko. Aliyecheka mwisho na kwa muda mrefu zaidi alikuwa Mzee Asajile, Mnyakyusa mmoja mfupi, msimamizi wa injini. Akanyoosha kidole: "Huyu nipeni mimi." Nikawa mwanafunzi wake kwa miaka tisa.

Mzee Asajile alikuwa na sheria moja iliyowachosha vijana wote: ukiletewa mashine, dakika kumi za kwanza mikono ikae mfukoni. Unatazama, unanusa, unamuuliza dereva maswali. Ukigusa kabla ya dakika kumi, anakufukuza ukafagie. Nilifagia sana mwaka ule wa kwanza. Sheria yake ya pili ilikuwa ya matambara: unayahesabu kabla ya kufungua injini na unayahesabu tena kabla ya kuifunga. Wenye haraka walimcheka mpaka siku tambara lilipokutwa ndani ya injini ya lori la miwa. Tangu siku hiyo hata mhasibu alianza kuhesabu matambara.

Kisa kilichonifanya niiamini sheria ya mikono mfukoni ni cha trekta moja wakati wa mavuno ya miwa. Kila siku lilifanya kazi kama saa moja na nusu, likazima. Ukiliacha lipumzike, linawaka lenyewe kama halijawahi kuugua. Tulibadilisha pampu ya dizeli, tukabadilisha filta, tukabadilisha mabomba. Siku ya nne nikaomba niende nalo shambani, nikae tu pembeni ya dereva. Lilipozima, nikaweka mikono mfukoni, nikatazama. Mwishowe nikafungua kifuniko cha tangi, na tangi likavuta pumzi: fyuuu! Nikashtuka mpaka nikakiangusha kifuniko. Kile kitundu kidogo cha kuingizia hewa kilikuwa kimezibwa na udongo. Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake mle! Dizeli ikipungua, hewa haiingii, tangi linajinyonga lenyewe. Nikazibua kwa mwiba wa mti. Pampu mpya tuliyofunga iliendelea kubaki pale, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuandika ripoti kwamba mkosaji ni nyigu.

Miaka ikaenda hivyo. Nikaozesha mabinti wawili, nikazika mume, Mzee Asajile akastaafu akarudi kwao Tukuyu, na mimi nikawa ndiye ninayewafukuza vijana wakafagie. Nikadhani nimeshaona kila kitu kinachoweza kutokea kwenye injini. Ndipo ikaja likizo yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, siku ishirini na nane, na katika siku ya pili ya likizo hiyo, nikiwa nyumbani Ifakara, nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua.

"Mimi naitwa Anselmi," ile sauti ikasema taratibu. "Nilikuwa stesheni masta Mlimba. Sasa nipo hapa Ifakara, nyuma ya stesheni. Nimeambiwa wewe ndiye unayesikia injini zinavyosema. Nina gari langu limenishinda hatua chache tu."

Hatua chache! Vijana, mtu akiwaambia hivyo, beba zana zote.

Nilimkuta Mzee Anselmi, Mpogoro mrefu, mkimya, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi utadhani treni inaingia dakika yoyote. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, Mama Fundi. Karibu." Akafungua mlango wa banda la bati nyuma ya nyumba.

Sijui niandike vipi. Nilikuwa nimezoea matrekta, malori, vitu vilivyosimama juu kama watu wazima. Kile nilichokiona kilikuwa kimelala chini, chekundu, kirefu, kipana, kama mnyama anayenyatia. Paa lake lilinifika kiunoni. Gari la mbio la Kiitaliano, la zamani, la watu wawili tu, usukani kushoto, injini ya silinda sita nyuma ya viti. Moyo ulinidunda kama wa msichana. Nilizunguka mara tatu mikono ikiwa mfukoni. Safari hii sikuiweka kwa ajili ya sheria. Niliogopa kuligusa.

Kisha nikachungulia palipokuwa na injini. Injini ilikuwepo, lakini imevuliwa kila kitu. Ukutani, juu ya rafu nne, palikuwa na makopo yenye vipande vyake: ya maziwa, ya kahawa, ya rangi, ya dawa za mifugo. Yalikuwa mengi kuliko ya duka.

"Mzee," nikasema, "hizo ndizo hatua chache?"

"Nilisema chache," akajibu. "Sikusema fupi."

Akanieleza. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, mhandisi mmoja wa Kiitaliano aliyekuja kwa kazi za ujenzi alilileta gari lile kwa treni hadi Mlimba, likiwa juu ya behewa la wazi. Kwao alikuwa ameoneshwa kwenye ramani kwamba kuna barabara. Alilishusha, akaliwasha, akaenda kama mita mia mbili, tumbo la gari likakaa kwenye tope. Akacheka mpaka akatoa machozi. Watu wakalisukuma mpaka ghala la mizigo, na likabaki pale. Mkataba wake ulipokwisha, alimwachia Mzee Anselmi ufunguo, kitabu cha gari na barua: ni lako, siku likipata barabara ulitembeze. Karatasi za forodha Mzee Anselmi alizihangaikia miaka minne. Hadithi hiyo ni ndefu kuliko hii na haina injini ndani yake.

Alipostaafu akalipakia tena kwenye behewa, akalileta Ifakara, akaanza kulitengeneza mwenyewe. Ufundi hakusomea. Alikuwa na kile kitabu cha Kiitaliano na kamusi aliyopewa na masista wa misheni, akajifunza Kiitaliano cha spana tu. Alijua kusema "kaza kidogo" na "usisahau gasketi", lakini kusema "habari za asubuhi" hakujua. Mtaani wakamwita Mzee Makopo. Watoto walipopita walipiga debe la bati kumdhihaki.

"Sasa lami imefika," akaniambia. "Kutoka hapa mpaka Kidatu ni lami tupu. Gari limepata barabara. Ila mimi..." Akainua mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka wenyewe, kama jani la mpunga kwenye maji yanayopita. "Daktari amesema hautapona, utazidi. Nataka niliendeshe kabla haujanikataa kabisa."

Nilimwambia, "Mzee, nina siku ishirini na sita." Kisha nikavua kanga ya mabegani na kuvaa ovaroli.

Mkewe, Bi. Tekla, alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno makali na chai nzuri. Siku ya kwanza aliniletea chai mpaka mlango wa banda, hakuingia. "Mdogo wangu," akaniambia, "humo ndani mna mke mwenzangu. Mimi siingii kwake." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mchana ule ule nilitafuta springi ndogo ya kabureta, nikafungua makopo ishirini nisiione. Mzee naye alikuwa amesahau. Ndipo sauti ikatoka jikoni: "Kopo la kahawa, rafu ya pili, mwisho kushoto!" Tukatazamana. Nikafungua. Springi zote tatu zilikuwamo, zimefungwa kwenye karatasi safi na zimepakwa mafuta ya nazi zisishike kutu. Mzee Anselmi alikaa chini kwenye ndoo. "Kumbe," akasema polepole, "ndiyo maana hayakuwa na vumbi."

Injini yenyewe ilikuwa imeganda. Nilifunga spana ndefu kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, nikaegemea kwa uzito wangu wote, haikusogea hata unywele. Nikatoa plagi zote, nikamimina kwenye kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, nikasema tuiache ilowe. Kila asubuhi tuliongeza kidogo na kuitikisa spana kidogo, kushoto, kulia, bila nguvu. Msije mkalazimisha injini iliyoganda. Mkivunja ringi za pistoni za gari kama lile, mtaishia kulitazama tu. Siku ya sita Mzee alikuwa ameshika spana, nikasikia "kwiii", sauti ndogo kama ya panya, na spana ikashuka. Mzee akapiga kelele, "Imekubali! Tekla, imekubali!" Akarukaruka, mtu wa miaka sabini na nne, ndani ya shati lake jeupe lenye alama ya oili kifuani.

Hapo ndipo nikafanya kosa, na nalikiri ili mjifunze. Siku zilikuwa zinakwisha. Mkono wake ulikuwa unadondosha skurubu. Skurubu moja tuliitafuta saa nzima chini ya gari. Kesho yake, alipokuwa akihangaika na nati ya kabureta, nilimnyang'anya spana. Sikuomba. Niliichukua tu, nikakaza nati zote nne kabla hajafumbua mdomo.

Akajifuta mikono. Akasema bila hasira, "Mama Fundi, ukizikaza wewe zote, siku litakapowaka litakuwa gari zuri sana. Lakini litakuwa lako." Akatoka nje.

Aibu iliyonishika sijawahi kuisahau. Nilikaa pale nikitazama nati zile nne, kisha nikazilegeza zote, moja moja. Nikamfuata uani, nikasema, "Mzee, nisamehe. Njoo ukaze." Kuanzia hapo tukabadilisha utaratibu. Kazi za vidole tulizifanya asubuhi na mapema, mkono wake unapokuwa umetulia. Tulijaza mchele kwenye mfuko mdogo, akawa anaegemeza kiwiko juu yake. Kwenye ncha ya bisibisi tulipaka grisi kidogo ili skurubu ishike, isianguke. Mimi nilishika tochi na kufunga mdomo, na kufunga mdomo ndiyo kazi iliyonitoa jasho kuliko zote, kwa anayetaka kujua.

Tukafika kwenye mkanda wa taimingi. Nyie mnajua: mkanda ule ndio unaofanya pistoni na valvu vicheze ngoma moja. Ukiufunga ukiwa umekosea meno mawili matatu, pistoni inapanda wakati valvu iko chini, zinagongana, na injini inakufa siku hiyo hiyo. Kwa trekta ungeagiza valvu nyingine. Kwa gari lile ungeagiza kutoka mbinguni. Tukafungua kitabu ukurasa unaoonesha alama. Ukurasa haukuwepo! Mchwa walikuwa wameula, huo tu na ukurasa uliofuata, wakaacha kurasa zote za kueleza namna ya kuosha viti.

Nikaweka mikono mfukoni. Mzee naye akaweka yake. Tulisimama hivyo muda mrefu mpaka Bi. Tekla akauliza kutoka jikoni kama kuna aliyefariki.

Njia ilikuwa ya zamani. Nikachukua spoku ya baiskeli, tukaiingiza kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza mpaka ikagusa kichwa cha pistoni. Mzee akazungusha kranki taratibu; spoku ikapanda, ikapanda, ikasimama, ikaanza kushuka. Pale iliposimama ndipo juu kabisa. Tukarudia mara kumi na mbili, kisha tukaweka alama kwa tupa. Kwenye kamshafti mbili, zile zinazofungua valvu, tulisugua uchafu wa miaka kwa mswaki na mafuta ya taa, na chini yake, jamani, zikatokea alama! Vimstari viwili vidogo vilivyochongwa kiwandani. Nilimkumbatia yule mzee. Bi. Tekla akasikia kelele, akaingia bandani mbele yetu kwa mara ya kwanza, akakuta mumewe amekumbatiwa na fundi aliyelowa mafuta ya taa. Akatazama, akasema, "Nilisema humu mna mke mwenza, sikujua mko wawili."

Lakini hakutoka. Akavuta kigoda.

Mkanda wenyewe wa zamani ulikuwa umepasuka. Bi. Tekla ndiye aliyehesabu meno yake, mara mbili, kwa sauti, kwa kidole. Tukaupakia kwenye basi la Dar na barua kwa muuza spea mmoja wa Kariakoo: tafuta wenye meno sawa, upana sawa, umbo sawa la jino, na usitudanganye. Siku tano baadaye ukaja mpya, wa gari jingine la kawaida kabisa lililowahi kuuzwa sana nchini. Tukaulinganisha jino kwa jino. Ukalingana. Mzee akaufunga kwa mikono yake, nikazungusha injini kwa spana mizunguko minane nikisikiliza kama kuna kinachogusa. Kimya. Laini kama siagi.

Siku ya ishirini na tatu tukafunga betri. Habari ilikuwa imesambaa. Uwanja ulijaa majirani, na waliowahi kupiga debe wote walikuwepo. Mzee akaketi, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, kisha moto ukaruka kutoka kwenye kabureta, bwaaa! Watu wakakimbia, kuku wakakimbia. Nilikuwa nimeinama juu yake na nyusi zangu zikabaki historia. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mzee Makopo, rudisha kwenye makopo!"

Mzee alishuka, uso umebadilika. "Tumeivunja?"

"Hatujavunja kitu," nikasema. Nikatazama waya za plagi. Moto wa kurudi kwenye kabureta maana yake cheche inakuja wakati si wake. Nikafuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye distributa inayogawia plagi moto. Waya wa pili na wa tano zilikuwa zimebadilishana. Nani aliyezifunga? Mimi. Mimi, fundi mkuu, mikono yangu mwenyewe! Nikamwambia wazi mbele ya watu wote. Mzee Anselmi akacheka kicheko kikubwa ambacho sikujua anacho, akazibadilisha yeye mwenyewe.

Akazungusha tena. Injini ikakohoa mara moja, mara mbili, halafu... Vijana, mmesikia matrekta. Mmesikia treni la mizigo likipanda kutoka Mlimba. Hamjasikia ile. Kabureta tatu na silinda sita zilianza kuimba, kwanza kwa kukwaruza, moshi mweupe ukatanda uwanja mzima, kisha moshi ukapungua na sauti ikasafika, ikawa juu, nyembamba, tamu, inayopanda mgongoni mpaka kisogoni. Watu walipiga vigelegele. Mimi nililia waziwazi, na yule aliyesema tulirudishe kwenye makopo alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Siku mbili tulizitumia kwa breki, klachi na kibali cha safari ya majaribio. Siku ya ishirini na sita asubuhi tukatoa gari nje, kuelekea Kidatu. Gari lilikuwa na viti viwili. Mzee kwenye usukani, na kiti cha pili, kwa haki zote, kilikuwa cha fundi. Nilikuwa nimeshafungua mlango, mguu mmoja ndani, nikamwona Bi. Tekla amesimama kizingitini, amevaa kitenge kipya, mkoba mkononi. Nikatoa mguu.

"Dada, ingia," nikasema. "Mimi nitafuata."

Akaingia kama anaingia kwenye mtumbwi, akajipanga, akafunga mkanda, akasema, "Haya, Anselmi. Nioneshe huyu mwanamke ana nini."

Nikapanda bodaboda na sanduku la zana mapajani. Waliondoka, na baada ya dakika moja sikuona kitu isipokuwa lami, mashamba ya mpunga pande zote, na milima ya Udzungwa upande wa kushoto. Dereva wangu wa bodaboda alikuwa analia kwa furaha na kukata tamaa kwa pamoja: "Mama, hatuwapati!"

Tuliwapata Kiberege, wamesimama pembeni. Nikashuka nikikimbia. Injini ilikuwa nzima. Mzee alikuwa amekaa, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, unatetemeka vibaya. Usukani wa gari lile uko kushoto, kwa hiyo gia zinabadilishwa kwa mkono wa kulia. Mkono ulikuwa umemkataa.

"Nimefika Kiberege," akasema akijaribu kutabasamu. "Si haba. Mama Fundi, lichukue lirudi."

Aliyejibu ni Bi. Tekla. "Lirudi wapi? Ile ya tatu ni hii ya juu huku, siyo? Na ya nne ni ya kushuka. Miaka yote hiyo umenisomea kitabu hiki mezani kama injili, unadhani nilikuwa nasikiliza redio?" Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya gia. "Wewe kanyaga klachi, uniite namba."

Wakajaribu pale pale. "Moja!" Gari likasogea. "Mbili!" Likakwaruza kidogo. "Mbili, Tekla, si nne!" "Nimesikia!" "Tatu!" Na wakaondoka, wakituacha tena.

Karibu na Mang'ula tulikuta wamesimamishwa na askari wa usalama barabarani, mama mmoja mrefu mwenye miwani. Alikuwa amelizunguka gari, amesoma kibali mbele na nyuma, sasa ameinama dirishani.

"Nimeona mikono mitatu inaendesha gari hili," akasema. "Dereva ni nani?"

Mzee na Bi. Tekla wakajibu kwa pamoja, bila kutazamana: "Sisi."

Askari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Shikamooni," akasema. Kisha akasema, na alikuwa na haki, msiwaige hawa wazee: sheria haina dereva wa watu wawili, kwa hiyo kuanzia hapo lazima gari liendeshwe na mtu mmoja mwenye leseni na mikono miwili mizima. Wote wakanigeukia.

Nilitazama viti viwili. Nikamtazama Mzee. Nilitegemea nimwone amenyong'onyea, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa kwa wazo.

"Mama Fundi, endesha wewe, na Tekla. Mimi nipandishe kwenye bodaboda, nishushwe pale mbele penye mnyooko." Akamshika mkewe bega. "Zaidi ya miaka thelathini ninalo gari hili. Sijawahi hata mara moja kusimama nje nikaliona linapita."

Basi nikaketi. Nikaweka gia ya kwanza, nikasahau jina langu. Likaitika chini ya mguu wangu kabla sijamaliza kukanyaga. Kilomita themanini kwa saa, si zaidi, maana yule mama wa miwani alikuwa anatutazama. Tulimpita Mzee amesimama kando ya lami, amenyooka. Bi. Tekla akatoa kichwa dirishani akapiga kigelegele kilichotanda bonde zima. Tulisimama mbele kidogo kumsubiri. Akaja juu ya bodaboda, anapunga, anapiga kelele hata kabla pikipiki haijasimama.

"Rudini! Rudini mpite tena, limenipita haraka sana!"

Tulirudi. Tukapita tena. "Tena!" Tukapita mara saba, kwenda na kurudi, watu wa Mang'ula wamejipanga barabarani, na yule askari naye safari ya tano aliacha kujifanya anatazama kwingine. Katika ile ya nane mafuta yakatuishia. Injini ikanyamaza, gari likatembea lenyewe polepole mpaka likasimama mbele ya miguu ya Mzee.

Kituo cha mafuta kilikuwa mbele kama nusu kilomita. Tukalisukuma: mimi, Bi. Tekla akiwa amekunja kitenge, dereva wa bodaboda, na Mzee Anselmi katikati, mikono yake yote miwili juu ya bati jekundu, akicheka mpaka akakosa pumzi, akisema kila hatua tatu, "Mmeona lilivyopita? Jamani, mmeliona?"